Nusu Dozi si Nusu Shari

Wahenga walituachia methali kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Ni methali ya busara, na katika mambo mengi ya maisha imetufaa. Mkulima wa Mwala aliyetarajia gunia la mahindi akavuna madebe mawili hayatupi madebe hayo kwa hasira; huyabeba nyumbani akashukuru. Lakini uko uwanja mmoja ambamo methali hii hutupotosha, nao ni uwanja wa dawa za kuua bakteria, zile tuziitazo viuavijasumu au antibiotiki. Humo, nusu dozi si nusu shari. Mara nyingine nusu dozi ndiyo mwanzo wa shari kamili. Nakusudia katika makala haya kueleza ni kwa nini, kwa lugha ambayo mwalimu mwenzangu anaweza kuingia nayo darasani kesho asubuhi na mwanafunzi akaenda nayo nyumbani jioni.

Mjini Machakos, kama ilivyo katika miji mingine ya Kenya, si ajabu kumwona mtu akiingia katika duka la dawa na noti ya shilingi hamsini mkononi, akataja tumbo au kikohozi, akatoka na kapsuli nne zilizofungwa katika kipande cha karatasi. Kisheria, dawa hizi hutolewa kwa agizo la daktari. Kwa mazoea, huuzwa kama njugu. Mnunuzi humeza mbili jioni na mbili asubuhi, homa ikalegea, naye akarudi katika shughuli zake akiamini kwamba amepona kwa bei nafuu.

Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba ubaya wa tabia hii ni mmoja: bakteria dhaifu hufa, wale sugu hubaki, na waliobaki huzaana hadi dawa ikawa haina kazi. Hayo ni kweli. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya hatari hiyo katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobeli mwaka 1945, wakati dawa yenyewe ilikuwa bado mpya. Lakini jambo hili lina sura ya pili ambayo haizungumzwi sana madarasani: kwamba dawa kidogo, isiyofikia kiwango cha kuua, inaweza kuwaamsha bakteria wakaanza kujenga.

Wajenge nini? Hebu tuanze na kitu ambacho kila mmoja wetu amekigusa. Pitisha ulimi juu ya meno alfajiri kabla ya kupiga mswaki. Utahisi kitu laini chenye kunata. Tia mkono ndani ya mtungi wa plastiki uliochotewa maji kwa miezi bila kusuguliwa. Ukuta wake unateleza. Kanyaga jiwe lililozama katika mto Athi, usipojihadhari utaanguka. Vitu vitatu hivi ni ndugu. Kila kimoja ni makazi ya bakteria, na pengine mwani na vijidudu wengine, walioacha kuelea ovyo majini, wakashika ukuta, wakajifunika kwa ute walioutengeneza wenyewe. Makazi hayo nitayaita utando, neno ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani kwa nyumba ya buibui na kwa ngozi ya maziwa yaliyopoa.

Mtu wa kwanza kutuachia habari za wakazi wa utando wa meno alikuwa Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa aliyejitengenezea hadubini zake mwenyewe. Mwaka 1683 aliukwangua ukoga wa meno, akautazama, akaona viumbe vidogo wakienda huku na huku. Hata hivyo, kwa muda mrefu baada yake, sayansi iliwasoma bakteria zaidi wakiwa wanaelea katika chupa za maabara, kila mmoja peke yake, kana kwamba mtu angetaka kuijua jamii ya Wakamba kwa kumtazama msafiri mmoja aliyesimama kituoni akingoja basi. Mwaka 1978 J. William Costerton na wenzake walichapisha makala katika jarida la Scientific American kueleza jinsi bakteria wanavyoshikamana na vitu. Tangu hapo imezidi kudhihirika kwamba, katika mazingira ya asili na katika magonjwa mengi ya kudumu, bakteria wengi huishi kijijini na si safarini.

Ujenzi wa kijiji hicho una hatua zake. Kwanza, bakteria wachache hugusa ukuta, wakashika kidogo, na bado wanaweza kung'oka. Pili, hushika kwa nguvu na kuanza kutoa ute wa sukari ndefu, protini na hata nyuzi za DNA, zote zikisukwa pamoja kama fito na udongo wa nyumba. Tatu, huzaana, na kijiji kikapanda juu kikiwa na vijia ambamo maji na chakula hupita. Humo huwasiliana kwa kemikali: kila mmoja hutoa chembe zake, na chembe zikizidi kiwango fulani, wote hujua kwamba wamekuwa wengi na hubadili mwenendo kwa pamoja, kama baraza lililotimiza idadi ya wajumbe. Mwisho, baadhi yao hubanduka na kusafiri kwenda kuanzisha kijiji kingine.

Dawa inapokikuta kijiji cha namna hiyo hupata shida kwa sababu kadhaa. Ute huchelewesha baadhi ya dawa na kuzinasa njiani. Tena, bakteria walio chini kabisa hupata chakula na oksijeni kidogo, hivyo hukua polepole au hulala kabisa, ilhali dawa nyingi huua kiumbe kinachokua. Penisilini, kwa mfano, huharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria. Fundi aliyelala hajengi, na asiyejenga huwezi kumharibia ujenzi. Mwaka 1944 Joseph Bigger aliona kwamba penisilini ikiua takriban bakteria wote katika chupa, wachache hubaki hai, na watoto wa hao wachache wakipewa dawa hiyo hiyo hufa kama kawaida. Hawakuwa sugu kwa urithi. Walikuwa wamelala tu wakati wa vita. Katika utando, walalao wa namna hiyo ni wengi. Zaidi ya hayo, majirani walioshikana bega kwa bega hupeana jeni kwa urahisi, zikiwamo jeni za usugu. Ndiyo maana bakteria walio ndani ya utando waweza kustahimili dawa hata mara 1,000 kuliko wenzao wanaoelea.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yangu. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Lucas Hoffman, Samuel Miller na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani. Waliwachukua bakteria waitwao Pseudomonas aeruginosa, maarufu kwa kuvamia vidonda na mapafu, wakawapa tobramaisini, dawa ya ukoo mmoja na jentamaisini tunayoijua hospitalini kwetu. Waliwapa kiasi kidogo kisichoweza kuwaua. Bakteria wale hawakudhoofika wakatulia. Walijenga utando zaidi kuliko wale ambao hawakupewa dawa kabisa. Hali kama hiyo ilionekana pia kwa bakteria wa tumboni, Escherichia coli. Watafiti walipata hata jeni iliyohusika na mwitikio huo. Kwa maneno mengine, si kwamba bakteria walibahatika tu kupona. Waliihisi dawa na kuijibu kwa ujenzi.

Tangu hapo, tabia kama hiyo imeonekana kwa dawa nyingine na bakteria wengine. Kiasi kidogo cha dawa za ukoo wa penisilini kimeonekana kuwafanya baadhi ya Staphylococcus aureus, wale wa majipu na vidonda vinavyooza, waachie DNA zaidi na kufuma utando mnene zaidi. Haki inanidai niseme pia kwamba si kila dawa wala kila bakteria hufuata kanuni hii. Azithromaisini, kwa mfano, imeonekana kuvuruga mawasiliano na utando wa Pseudomonas hata kwa kiasi kidogo. Tena mengi ya haya yalipimwa maabarani, na mwili wa binadamu si chupa. Lakini mwelekeo uko wazi vya kutosha kumfanya mtu mwenye akili asichezee dozi.

Sisi watu wa Machakos hatupaswi kuona ajabu katika habari hii, kwani historia ya ardhi yetu ina mfano wake. Katika miaka ya 1930 maafisa wa serikali ya kikoloni walizitazama milima hii ikimomonyoka wakadhani nchi inageuka jangwa. Watu walibanwa na ukame, na ardhi ndogo, na wingi wao wenyewe. Walifanya nini? Walichimba matuta, mlima baada ya mlima, wakazuia udongo usiteremke mtoni. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos ilizidi mara tano, lakini mmomonyoko ulipungua na mavuno yakaongezeka. Shinikizo ambalo halikutumaliza lilitufundisha kujenga. Bakteria hana jembe wala akili ya mzee wa kijiji, lakini kanuni ni jamaa: dhiki isiyoua humsukuma kiumbe hai kujikinga. Anayempa adui dhiki kiasi hicho asishangae kukuta matuta.

Najua jibu ninaloweza kupewa, kwa kuwa nimelisikia kwa masikio yangu. Miaka michache iliyopita mvulana wa Kidato cha Tatu niliyekuwa nikimfundisha alishikwa na homa mara tatu katika muhula mmoja. Kila mara alipewa kapsuli chache, akapata nafuu, kisha akarudi kitandani. Mama yake alipofika shuleni nilimwuliza kuhusu dawa. "Mwalimu," akaniambia, "pesa nilizokuwa nazo zilitosha dawa za siku mbili. Nikaona heri hizo kuliko kumwacha hivi hivi." Nikaenda pia kuzungumza na kijana aliyeziuza. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mwalimu, nikimkatalia mimi, ng'ambo ya barabara hawatamkatalia, na mtoto atalala na homa." Mvulana yule hatimaye alipimwa damu ipasavyo, ikaonekana ni homa ya matumbo, akapewa dawa kamili na akapona. Alikuwa amepoteza majuma mengi ya masomo, na mama yake, ukijumlisha zile nusu tatu na nauli zake, alikuwa ametumia fedha nyingi kuliko bei ya dozi moja kamili tangu mwanzo.

Sidai kwamba utando ndio uliomrudishia homa kijana yule. Homa ya matumbo yaweza kurudi kwa sababu zaidi ya moja. Ninachodai ni kwamba hesabu ya mama, iliyo sahihi kwa unga na kwa mafuta ya taa, si sahihi kwa dawa hizi. Nusu kilo ya unga hushibisha nusu ya watu. Nusu dozi haiponyi nusu ya ugonjwa. Na maadamu wanaofanya hesabu hiyo si wajinga bali ni watu wenye mfuko mwepesi, lawama peke yake haitawaponya. Serikali iliyoandika mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa kwa miaka ya 2017 hadi 2022, kisha mwingine wa 2023 hadi 2027, inapaswa kujua kwamba mpango huo utafaulu au utaanguka mbele ya kaunta ya duka la dawa, kwa mtu mwenye shilingi hamsini. Dozi kamili ikipatikana kwenye zahanati ya karibu kwa bei ambayo mama wa Masii anaimudu, biashara ya kapsuli nne itajifia yenyewe.

Nimeitaja homa ya matumbo kwa makusudi, kwani ndiyo inayotuonyesha hapa kwetu jinsi usugu na utando vinavyoshikana mikono. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Samuel Kariuki wa Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya, KEMRI, na wenzake walieleza kuhusu Salmonella Typhi nchini Kenya ambao dawa zilizozoeleka, zikiwamo ampisilini, kloramfenikoli, tetrasaiklini na kotrimoksazoli, hazikuwafanya lolote. Huo ndio usugu wa urithi, ule wa vitabu vyetu. Lakini bakteria huyu ana maficho mengine. Kati ya wagonjwa 100 wa homa ya matumbo, wawili hadi watano hivi hubaki na bakteria mwilini kwa muda mrefu baada ya kupona, bila kuhisi chochote. Maficho yao makuu ni mfuko wa nyongo, na hasa palipo na vijiwe vya nyongo. Juu ya kijiwe hicho, Salmonella hufuma utando.

Jambo hilo lilionekana dhahiri mwaka 2010, pale utafiti uliohusisha wagonjwa wa Mexico ulipoonyesha utando wa Salmonella juu ya vijiwe vya baadhi ya wabebaji. Mwaka 2024 watafiti wa Kenya, Kariuki akiwa miongoni mwao, walichapisha uchunguzi wa Salmonella Typhi kutoka kwa wagonjwa wa mtaa wa Mukuru, Nairobi, waliokuwa na vijiwe vya nyongo, wakiutazama uwezo wa bakteria hao wa kufuma utando pamoja na mabadiliko ya jeni zao. Mukuru si mbali na Machakos. Matatu ya asubuhi hubeba watu, mboga na maradhi pande zote mbili za barabara ya Mombasa.

Historia ina mfano wa kuhuzunisha wa mbebaji wa namna hiyo. Mary Mallon, mpishi mhamiaji kutoka Ireland, aliwapikia watu katika eneo la New York mwanzoni mwa karne ya 20, na wagonjwa wa homa ya matumbo wakaonekana karibu kila alikopika, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mzima. Alitengwa kisiwani kuanzia mwaka 1907 hadi 1910, akaachiliwa, kisha akarudishwa mwaka 1915 na kukaa huko hadi alipokufa mwaka 1938. Wakati wake hapakuwa na dawa ya kumsafisha, na jina lake likageuzwa dhihaka. Namtaja ili tukumbuke mambo mawili: kwamba mtu mzima kabisa anaweza kubeba kijiji cha bakteria ndani ya nyongo yake, na kwamba kumdhalilisha mbebaji hakumponyi yeye wala hakuwalindi wengine.

Hapa ndipo suala hili linapoingia kwenye jiko la shule. Nchini Kenya wahudumu wa chakula hutakiwa kupimwa afya na kupewa cheti kila baada ya miezi sita. Katika shule nyingine zoezi hilo hufanywa kwa uaminifu; katika nyingine huwa ni karatasi tu. Nao wakuu wa shule wanapaswa kujua kwamba mbebaji hatoi bakteria katika choo chake kila siku, hivyo kipimo kimoja kisichoonyesha kitu si hati ya kudumu. Mpishi akigunduliwa kuwa mbebaji asifukuzwe kama mwizi. Apewe kazi isiyogusa chakula, atibiwe kwa muda mrefu chini ya uangalizi wa daktari, na atendewe kwa heshima, la sivyo mwenzake aliye katika hali hiyo hiyo atajificha. Na kwa wote, maji ya kunawa na sabuni viwe mlangoni mwa choo na mlangoni mwa jiko, kila siku, si siku ya ukaguzi tu. Mwezi Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Hiyo ni hatua njema, lakini chanjo haikuja kuchukua nafasi ya sabuni.

Kutoka jikoni twende kwenye tangi. Shule zetu za Ukambani huvuna maji ya mvua paani na kuyahifadhi, kwani mvua zetu si za kutegemewa. Desturi ya wengi ni kutia dawa ya klorini juu ya maji na kuondoka na dhamiri safi. Lakini klorini hukutana na tatizo lile lile la kapsuli nne. Huua waeleao, na hujichosha juu ya ute wa waliokaa ukutani. Maji yakipungua na klorini ikiisha, kijiji hutuma wajumbe wake tena. Njia ya haki ni kulimwaga tangi likikaribia kukauka kabla ya mvua, kulisugua kuta zake kwa burashi hadi utelezi uishe, kulisuuza, na hapo ndipo klorini itiwe. Bibi zetu waliosugua kibuyu cha maziwa kwa nguvu kabla ya kukitia moshi walijua kwamba moshi haufanyi kazi juu ya uchafu ulioganda. Meno nayo hutufundisha vivyo hivyo: hakuna daktari anayetibu ukoga wa meno kwa kumpa mtu kapsuli kila asubuhi. Husema, chukua mswaki.

Lakini nisiwafanye wasomaji wakadhani kwamba kila utando ni adui. Kichujio cha mchanga, kile kinachosafisha maji polepole, hutegemea utando. Juu ya mchanga wake huota ngozi nyembamba ya vijidudu ambao hunasa na kula vimelea vya maradhi maji yanapopita. Anayekisugua kichujio hicho hadi kikang'aa huondoa nguvu yake, na lazima angoje siku kadhaa hadi wafanyakazi wake wasioonekana warudi. Utando unaotuua nyongoni na unaotuokoa mchangani hufuata kanuni moja. Elimu ni kujua upi uachwe na upi ubomolewe.

Wafugaji nao wasikae kando wakidhani tunazungumza na wagonjwa tu. Kuku wanapoanza kukohoa, wengi wetu hukimbilia unga wa tetrasaiklini na kuunyunyizia katika maji ya kunywa kwa kukisia. Kuku mgonjwa hunywa kidogo, mzima hunywa nyingi, mfereji wa kunyweshea hubaki na masalio, na utelezi wa mfereji huo haufutwi. Kama ningetaka kubuni shule ya kuwafundisha bakteria kujenga na kustahimili, nisingebuni bora kuliko hiyo. Daktari wa mifugo aitwe, na mfereji usuguliwe.

Yapo mambo mawili ambayo lazima niyaweke sawa, wasije wanafunzi wakanielewa kinyume. La kwanza, dozi kamili si lazima iwe dozi ndefu. Kwa baadhi ya magonjwa, madaktari siku hizi hutoa dawa kwa siku chache kuliko zamani, kwa kuwa majaribio yameonyesha kwamba siku hizo zatosha. Kosa ni mgonjwa kujikatia mwenyewe, au kumeza kidogo kuliko alivyoagizwa, au kuruka saa, hivyo dawa ikabaki mwilini kwa kiwango cha kuchokoza tu. La pili, homa nyingi na mafua mengi hayasababishwi na bakteria. Kwa hayo, hata dozi kamili ni makosa. Na kile kipimo cha haraka cha homa ya matumbo kiitwacho Widal, ambacho huwapa watu wengi jina la ugonjwa wasio nao, hakitoshi. Kuotesha damu maabarani ni ushahidi ulio imara zaidi.

Uzito wa jambo lenyewe si wa kukisia. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizo ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Kwa hiyo tunaposema habari za kapsuli nne hatuzungumzii tabia ndogo ya watu wadogo.

Kwa walimu wenzangu wa Biolojia nina pendekezo lisilohitaji bajeti. Chukua vipande vitatu vya kioo cha hadubini, uvifunge kwa uzi, uvitundike katika gudulia la maji ya bwawa au ya tangi kwa siku saba. Kisha kimoja usikiguse, cha pili kisuuze polepole kwa maji, cha tatu kisugue kwa burashi. Vitie rangi ya zambarau, usuuze rangi iliyozidi, uwaache wanafunzi watazame. Wataona kwa macho yao kwamba kusuuza pekee hakutoshi. Nawe usijaribu kuotesha bakteria wa maradhi darasani wala kuwapa dawa ili uone matokeo. Kazi hiyo ina maabara zake na tahadhari zake. Baada ya somo, waulize swali moja tu: kama maji yanayotiririka hayakuuondoa utando huu, dawa chache zilizotiwa maji mengi ya mwili zingefanya nini?

Kwa wanafunzi wa bweni nasema hivi. Usimpe mwenzako kapsuli zilizobaki kabatini mwako, hata akiwa rafiki wa chanda na pete. Humsaidii, unampa robo ya dawa yako kwa ugonjwa usioujua. Mpeleke kwa muuguzi. Na ukirudi nyumbani likizo, umwambie mzazi kwa adabu, si kwa majivuno ya msomi, kwamba fedha za nusu dozi ni heri zilipie nauli ya kwenda zahanati.

Na kwa wakuu wa shule, ombi langu ni fupi. Kabla ya mvua za Oktoba hazijaanza, wakati matangi yamekauka, fungueni vifuniko, ingizeni burashi ndani, na vyeti vya wapishi vitolewe kwenye faili visomwe tarehe zake.